Mtoto Achokapo na Dunia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa yatima kisha akawa kimbilio la mayatima.

Amma baad. Ndugu zangu wasomaji, jambo ninalotaka kulieleza mwezi huu ni zito, na wengi wetu hatupendi kulisikia likitajwa barazani wala majumbani. Ni khabari ya mtoto, naye bado yumo katika umri wa kusoma Juzuu Amma, kuingiwa na fikira ya kutaka kufa, na pengine kujaribu kujitoa roho yake. Likitajwa husema, "Astaghfirullah," kisha tukageuza mazungumzo. Lakini wazee wamekwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naona kunyamaza kwetu ni miongoni mwa mambo yanayowaumiza watoto hawa, kwani mtoto aonaye kwamba wakubwa wanaliogopa neno fulani hawezi kuwaendea nalo.

Nimewafundisha watoto Qur'ani hapa Nansio kwa miaka mingi, na elimu yangu ya skuli ni ya msingi tu. Maandiko ya waganga na wataalamu nisingeweza kuyasoma peke yangu kwa lugha yalivyoandikwa. Binti yangu, aliye muuguzi, ndiye aliyenisomea na kunifasiria jioni baada ya jioni, nami nikimuuliza na kumrudia mpaka nikafahamu. Nitayataja kwa ufupi, kisha niyaweke pamoja na mafundisho ya dini yetu, ili kila mzazi ajionee mwenyewe.

Watu wetu husema maneno matatu juu ya jambo hili. Husema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, hayawapati watoto wetu. Husema kwamba ampataye amepungukiwa imani. Na husema kwamba ni deko tu, dawa yake ni bakora. Na tuyapime yote matatu.

Neno la kwanza si kweli. Mwaka 2006 ulifanywa uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika skuli za Dar es Salaam, na wanafunzi wakajibu kwa karatasi zisizoandikwa majina. Kiasi cha wanafunzi 7 katika kila 100 walikiri kwamba katika miezi 12 iliyopita waliwaza kujiua. Walioelemewa na wasiwasi na upweke ndio waliokuwa na fikira hizo zaidi. Dar es Salaam si Nansio, lakini watoto wake wanasema Kiswahili kama wetu, wanafunga Ramadhani kama wetu, na wanakula ugali kama wetu. Mwalimu mwenye madrasa ya watoto 100 na azingatie hesabu hiyo kabla hajasema kwamba jambo hili liko mbali naye.

Na huko Afrika ya Kusini, Lucie Cluver na wenzake walitoa mwaka 2015 khabari za watoto na vijana 3,515 wenye umri wa miaka 10 hadi 18. Waliwauliza mara ya kwanza, wakangoja mwaka mzima, wakawauliza tena. Walitaka kujua mizigo ya utoto humfanya nini mtoto: kufiwa na wazazi, kupigwa na kuteswa, kuchafuliwa mwili, kuishi katikati ya fujo na mauaji. Ikaonekana kwamba kila mizigo ilipozidi kurundikana, fikira za kujiua zilizidi. Katika watoto wasiokuwa na mzigo hata mmoja, walioziwaza walikuwa kama 4 katika 100. Katika wale waliobeba mizigo mingi kabisa, walikuwa kama 16 katika 100. Hakuna hata mmoja katika mizigo hiyo ambao mtoto aliuchagua. Yote iliwekwa mgongoni pake.

Sasa neno la pili, kwamba mtoto huyu hana imani. Ndugu zangu, someni Suratu Maryam kwa utulivu. Bibi Maryam, mteule wa Mwenyezi Mungu, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa akiwa peke yake chini ya mtende, huku akijua watu watamsema nini, alitamani kwamba angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa zamani. Qur'ani haikuificha khabari hiyo. Na tutazame alivyojibiwa. Hakukemewa, wala hakuambiwa kwamba imani yake ni chache. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yapitayo karibu naye, akapewa tende mbivu, akaambiwa ale na anywe na moyo wake uburudike. Tena akaondolewa taabu ya kujibizana na watu. Utulivu, maji, chakula, na kukingwa na ndimi za watu: hayo ndiyo aliyopewa kwanza.

Na Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Ikiwa huzuni inaweza kumfika Nabii kiasi hicho, vipi tutamwambia mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba huzuni yake ni ukafiri? Ni kweli kwamba kujiua ni haramu, wala sitalipunguza neno hilo. Lakini aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayolikataza jambo hilo, imekomea kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwetu. Basi atakayemfikishia mtoto katazo na akaiacha rehema hakuifikisha aya yote.

Tena ni wajibu tujue kwamba huzuni nyingine ni maradhi, kama homa ilivyo maradhi. Humpata hata mtoto wa nyumba yenye neema, mwenye wazazi wote wawili na chakula tele. Mzazi wa namna hiyo asijilaumu wala asilaumiwe. Na yule aliyepatwa na mashaka makubwa utotoni asidhani kwamba amekwisha kuandikiwa mwisho mbaya, kwani walio wengi katika wenye mashaka hawafiki huko, na wanaofika huweza kurudi wakashikwa mkono.

Neno la tatu ni la bakora. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Tanzania juu ya ukatili unaowapata watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu, wa kike na wa kiume, walieleza kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walifanyiwa ukatili wa kupigwa, na wengi waliopigwa walipigwa na jamaa au walimu wao. Kiasi cha robo waliumizwa na watu wazima kwa matusi, vitisho au kuambiwa kwamba hawatakiwi. Na karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walifanyiwa uchafu wa mwili. Mwaka 2001 huko San Diego, Marekani, ulitoka uchunguzi wa watu wazima 17,337 ulioonyesha kwamba kila aina ya mateso ya utotoni iliongeza mara mbili hadi mara tano hatari ya mtu kujaribu kujiua katika maisha yake. Alama za bakora hufutika mwilini, na uchungu wake ukakaa moyoni miaka mingi.

Husemwa, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii ni ya haki, nasi watu wa ziwani twaifahamu kuliko wengine. Lakini aliyeisema alisema tumkunje, hakusema tumvunje. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi tangu udogo wake, naye alisimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakupata kukemewa kwa jambo alilolifanya wala kwa aliloliacha. Na al-Aqra bin Habis alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, alistaajabu akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume akamfahamisha kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Anas huyo alikuwa na ndugu yake mdogo aitwaye Abu Umair, aliyekuwa na kindege chake kikafa. Mtume alipomwona ana huzuni alimsemesha na kumuuliza khabari za kindege kile kwa upole. Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, mwenye mambo ya umma mzima juu ya mabega yake, aliona kwamba huzuni ya mtoto kwa kindege ni jambo la kusimama na kuuliza.

Sasa nije kwa mayatima, na hapa ndipo khabari inapotugusa sisi wa visiwani. Mwaka 2002 Makame na wenzake waliandika khabari za mayatima 41 wa mitaa ya kimaskini ya Dar es Salaam, ambao wazazi wao walikufa kwa UKIMWI, wakalinganishwa na watoto 41 wa mitaa hiyo hiyo wasiokuwa yatima. Wengi wa mayatima hao walilelewa na shangazi, wajomba na ndugu wengine wa wazazi wao, kama ilivyo desturi yetu njema. Hata hivyo mayatima 34 katika kila 100 walisema kwamba katika mwaka mmoja uliopita waliwaza kujiua. Kisha wakatafuta ni mambo gani yaliyofuatana na huzuni na wasiwasi wa watoto wale. Mbali na uyatima wenyewe, na mbali na kuwa wasichana walizidi wavulana, yalikuwa matatu: kulala na njaa, kutokwenda skuli, na kutopata zawadi wala sifa wanapofanya jema.

Binti yangu aliponisomea hayo nilimwomba arudie. Nilitazamia kusikia mambo makubwa yasiyokuwa katika uwezo wetu. Kumbe ni sahani ya chakula, daftari, na neno la "ahsante, mwanangu." Suratul-Ma'un imemtaja amsukumaye yatima pamoja na asiyehimiza kulishwa maskini, na Suratudh-Dhuha imekataza kumwonea yatima. Tumezisoma sura hizi maelfu ya mara, na watoto wetu wanazihifadhi kabla ya kujua kuandika majina yao.

Hapa Ukerewe mayatima si wageni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, Ukara, na waliokufa walizidi 220. Wapo watoto ambao asubuhi ile walikuwa na baba na mama, na jioni hawakuwa nao. Ziwa huchukua watu wetu mmoja mmoja pia, katika mitumbwi ya dagaa, bila ya khabari kuandikwa gazetini. Na mbali na waliokufa, wako akina baba wanaokaa makambi ya uvuvi miezi mingi, na akina mama waliokwenda mijini kutafuta riziki, na mtoto akaachiwa bibi asiyejiweza. Mtoto huyo hana jina la yatima, lakini usiku wake ni kama wa yatima.

Nitasimulia khabari moja, nami nitaficha jina la mtoto na mahali alipotoka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, amefiwa na wazazi wote, akilelewa na mama yake mdogo. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenzake. Kisha akaanza kukaa nyuma, sauti yake haisikiki katika kusoma. Wenzake wakidhani anajivuna. Siku moja nikaona juzuu yake mikononi mwa mtoto mwingine. Nilipouliza, mtoto yule akanijibu, "Kanipa, Maalimu. Kasema yeye haihitaji tena."

Neno hilo halikunipita. Walipotawanyika nilimwita mke wangu, tukakaa na msichana chini ya mwembe, mahali pa wazi ambapo watu hutuona wala hawatusikii. Mke wangu akamuuliza amekula nini. Alikuwa hajala tangu mchana wa jana. Akaletewa viazi na chai, na hatukumsemesha mpaka alipomaliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalimu, mimi ni mzigo kwa watu." Nikamuuliza wazi wazi, "Mwanangu, umepata kuwaza kufa?" Alinyamaza kitambo, akaitika kwa kichwa, kisha akalia. Mke wangu akamkumbatia, nami nikamwambia kwamba amefanya vyema kutueleza.

Jioni ile tulimwita mama yake mdogo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na watoto wake watano, na mume aliyekwenda kambini bila ya kuleta hata senti. Katika taabu zake alikuwa akitamka mbele ya mtoto maneno ya uchovu, naye hakujua kwamba maneno yale yalikuwa yakihesabiwa. Alilia kuliko mtoto. Asubuhi walikwenda pamoja na binti yangu hospitali ya hapa Nansio. Mganga akasema na msichana peke yake, kisha na mlezi wake, na wakarudi mara nyingi. Majirani wakajitolea, huyu unga, huyu sare ya skuli, huyu machungwa ya shambani kwake. Dua zilisomwa, na dawa ya mganga haikuachwa. Yule msichana yu hai, amekwisha kuhitimu Qur'ani, na sasa hunisaidia kuwasomesha wadogo.

Kwa hayo napenda kuwausia wazazi na walimu wenzangu mambo matano.

Kwanza, tutazame dalili. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akajitenga, aliyekuwa akila akaacha, asiyelala usiku, anayegawa vitu avipendavyo, anayesema kwamba yeye ni mzigo au kwamba watu watapumzika akiondoka. Maneno hayo tusiyaite deko.

Pili, tuulize, na tuulize waziwazi kwa upole. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutamtia mtoto fikira asiyokuwa nayo. Jambo hili limechunguzwa. Katika skuli za jimbo la New York, wanafunzi 2,342 waligawanywa, wengine wakaulizwa juu ya kujiua na wengine wasiulizwe. Na khabari iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba walioulizwa hawakuzidi kuwa na dhiki wala fikira hizo.

Tatu, akikiri, tusimpige, tusimtangaze, tusimwapishe. Tumsikilize, na tusimwache peke yake hata apate msaada. Na katika kila nyumba, sumu za shambani na dawa za hospitali zifungiwe kwa kufuli. Fikira hizi mara nyingi huja kama wimbi, na mtoto akikingwa wimbi likipita, huokoka.

Nne, tumpeleke hospitali. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Hospitali ya wilaya iko hapa Nansio, na ng'ambo ya maji, Mwanza, iko Hospitali ya Rufaa ya Bugando yenye waganga wa maradhi ya akili. Tena iko simu ya watoto, namba 116, isiyolipishwa, ambayo mtoto mwenyewe au mkubwa yeyote huweza kuipiga kutoka popote Tanzania. Kisomo na dua ni rehema, na hakuna aliyesema viachwe. Lakini mwenye kuvunjika mguu husomewa dua na hufungwa mguu pia.

Tano, tumlishe, tumrudishe skuli, tumsifu. Kila msikiti hapa petu una watu wasiopungua kumi wenye uwezo wa kuulizana baada ya sala ya Ijumaa ni mtoto gani wa mtaani hajaonekana skuli, na ni nyumba gani haikuwasha moto jana. Jambo hili halihitaji chama wala mchango wa kutangazwa.

Liko neno moja kwa waliokwisha kufikwa na msiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Basi wanaokwenda matangani kumhukumu mtoto aliyekufa, na kumnyooshea kidole mama yake, wanadai elimu wasiyopewa. Tuwazike watoto wetu kwa heshima, tuwaombee, na tuwatazame ndugu zao waliobaki, kwa kuwa nao wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Na wewe, mwanangu unayesoma ukurasa huu, huenda umeupata kwa siri kwa sababu yaliyomo unayajua moyoni mwako. Sikiliza. Wewe si mzigo, wala hukumkosea Mola wako kwa kuona uzito. Usikae nalo peke yako usiku wa leo. Mwendee mama, au bibi, au maalimu, au mwalimu wa skuli. Na wa kwanza akikosa kukusikia, mwendee wa pili, na wa tatu, au piga ile namba 116. Yuko atakayekusikia. Mtume wetu alizaliwa baba yake amekwisha kufa, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, akafiwa na babu yake akiwa na minane, na Mwenyezi Mungu hakumwacha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu kwa wadogo, azifungue ndimi zetu tuwaulize, na ayafungue masikio yetu tuwasikie. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.